Mwekundu, wa kijani na wa buluu: kamba wa Naivasha ni aina ngapi?

Swali: "Daktari, mimi nauza samaki Karagita, kando ya Ziwa Naivasha. Siku hizi wavuvi huniletea pia kamba wa ziwani. Wiki iliyopita, kwenye ndoo moja, nilipata wakubwa wekundu wenye magando marefu, wadogo wa kijani chafu, mmoja mwenye gando moja kubwa na jingine kama la mtoto, na mmoja wa buluu kabisa, mgongo hadi magando. Mteja wangu wa Nairobi anasema hizo ni aina tofauti. Anataka wekundu peke yao, wa kijani atalipa nusu bei, na wa buluu ati nimtupe kwa sababu ana sumu. Nimekutumia picha. Anasema kweli au anatafuta bei?"

Jibu:

Dada, anatafuta bei. Huenda hata yeye hajui kwamba anakosea, maana kosa lake ni la watu wengi: tumezoea kumtambua mnyama kwa rangi. Kwa ng'ombe na kuku haitusumbui, tunajua fika kwamba kuku mweusi na kuku mweupe wote ni kuku. Lakini tukikutana na mnyama mgeni, rangi ndiyo ya kwanza kutudanganya.

Na huyu kamba ni mgeni kweli. Afrika bara haina kamba wa maji baridi wa asili. Mito yetu ina kaa, na Madagascar ndiyo yenye kamba wake wenyewe, aina saba, wote wakiishi huko tu. Huyu wenu alitoka kusini mwa Marekani, kwenye mabwawa ya Louisiana na majirani zake, na jina lake la kitaalamu ni Procambarus clarkii; mtaalamu wa wanyama Girard alipomwandika mwaka 1852 alimwita Cambarus clarkii. Aliletwa Uganda miaka ya 1960, kisha mwaka 1970 akatiwa Ziwa Naivasha ili awe biashara. Biashara ilikuja kweli, kamba wa Naivasha wakasafirishwa hadi Ulaya. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1980 mayungiyungi na majani ya chini ya maji yalikuwa yametoweka kwa sehemu kubwa, na yeye akawa wa kwanza kunyooshewa kidole. Mpaka leo kamba wa maji baridi anayejulikana kwenye ziwa lenu ni huyo mmoja. Kwa hiyo hata kabla sijafungua picha zako nilikuwa na jibu nusu.

Nusu ya pili nimeipata kwenye picha ya tatu, ile uliyopiga kwa juu. Tazama mgongo, nyuma ya ule mfereji unaotenganisha kichwa na kiwiliwili. Kuna mistari miwili iliyopinda, mmoja kila upande. Kwa kamba wa aina nyingine nyingi, mistari hiyo huacha nafasi katikati, kama njia ya miguu kati ya mashamba mawili. Kwa huyu wa Louisiana hukutana, au hukaribiana hadi usione nafasi. Wako wekundu imekutana, wa kijani imekutana, wa buluu imekutana. Sasa mgeuze chali. Chini ya mkia, katikati, utaona mstari wa buluu ya kijivu, kama mshipa. Wafugaji wa Louisiana hutumia alama hizo mbili kumtenga huyu na kamba mweupe wa mtoni anayeingia kwenye mitego yao, na wala hawaangalii rangi ya mgongo. Wanajua itawapotosha.

Tuje kwenye rangi yenyewe, maana hapo ndipo mteja wako amechanganyikiwa.

Gamba la kamba lina rangi moja kuu, nyekundu inayoelekea chungwa, iitwayo astaksanthini. Ni ndugu wa rangi ya karoti na ya kiini cha yai. Kamba hawezi kuitengeneza kuanzia mwanzo. Malighafi yake lazima aile, kutoka kwenye mwani, majani na wadudu wanaokula mwani. Kwa hilo hana tofauti na heroe, wale flamingo wa Nakuru, ambao wakikosa chakula chao cha kawaida hupauka. Lakini mbona basi kamba mbichi si wa chungwa? Kwa sababu ndani ya gamba ile rangi hushikwa na protini. Ikishikwa, umbo lake hubanwa, na mwanga unaotoka humo hugeuka: badala ya wekundu unaona buluu. Nyekundu iliyo huru na buluu iliyoshikwa zikichanganyika kwa viwango mbalimbali, pamoja na rangi za manjano, unapata kijani, kahawia, udongo, nyeusi, au ile damu ya mzee mnayoiona kwa kamba wakubwa.

Ndiyo maana kamba yeyote ukimtia kwenye maji yanayochemka anageuka mwekundu. Moto unaharibu protini, rangi inaachiliwa. Hakuna rangi mpya iliyoongezwa, ilikuwa humo siku zote.

Kwa hiyo yule wa kijani ana wekundu tele, ila ameufunga. Mara nyingi huwa ni mchanga tu. Watoto wa kamba huyu huanza na rangi ya kijivu na kijani inayofanana na tope na majani, na hiyo ni salama kwao, kwani kila mwenye mdomo ziwani anawala. Wekundu mzito huja na utu uzima. Hapo mteja wako amegusa ukweli kidogo: wa kijani wengi ni wadogo. Lakini nimeshika wakubwa waliokomaa wakiwa kahawia ya kijani, na nimeshika wasiozidi kidole wakiwa tayari na dalili ya wekundu magandoni. Rangi si cheti cha kuzaliwa.

Kuna jambo jingine wauzaji husahau, nalo ni kujivua gamba. Siyo kule kwa wanasiasa. Huyu anavua kweli, kwa sababu gamba halikui, na mwili ukitaka kukua lazima lile la zamani lipasuke nyuma ya mgongo atoke kinyumenyume, macho, sharubu, miguu na vyote. Hadi kukomaa hufanya hivyo zaidi ya mara kumi. Kamba aliyekaribia kuvua anaonekana mzee na mchafu: gamba limefifia, limeota mwani, lina mikwaruzo. Siku chache baada ya kuvua, huyohuyo anang'aa kama viatu vya Jumapili. Ukiwaweka wawili hao kwenye sinia moja, mtu ataapa ni aina mbili. Na kama unataka kumjua anayekaribia kuvua, mpasue mmoja sehemu ya mbele ya tumbo, utakuta vijiwe viwili vyeupe, vimebonyea upande mmoja kama vifungo vya shati. Ni akiba ya chokaa aliyoifyonza kutoka gamba la zamani ili aimarishe jipya. Huko Ulaya zamani waganga waliviuza kama dawa, wakiviita macho ya kaa, jina ambalo halina macho wala kaa.

Tope na mwanga navyo vina neno. Chini ya gamba, kwenye ngozi, kuna chembe zenye rangi ambazo zinaweza kuitawanya au kuikusanya, zikiamriwa na homoni zinazotoka kwenye vikonyo vya macho. Niliwahi kuweka watoto wa kamba, wa tumbo moja, nusu kwenye beseni jeusi na nusu kwenye beseni jeupe la kufulia. Kufikia jioni wa beseni jeupe walikuwa wamepauka, unaona utumbo kwa ndani, na wa beseni jeusi walikuwa kama punje za chai. Niliwabadilishana mabeseni, nao wakabadilishana rangi. Kwa wakubwa haionekani sana kwa sababu gamba nene limeshapakwa rangi yake, lakini wadogo wanakuchezea shere waziwazi. Kwa hiyo ndoo yako nyeusi na karai jeupe la mteja wako tayari ni rangi mbili.

Tukija kwa wa buluu, wala usimtupe. Wa buluu hutokea mara chache, lakini hutokea, na katika kundi hili lote la kamba si ajabu hata kidogo. Wakati mwingine ni urithi: jeni inayofanya rangi ishikwe na protini kuliko kawaida, au wekundu huru uwe haba. Wafugaji wa samaki wa mapambo huko nje wameshika tofauti hizo na kuzizalisha kwa makusudi, ndiyo maana kuna Procambarus clarkii wa buluu, weupe na wa chungwa wanaouzwa kwa bei ya pete, wote aina ileile moja. Wakati mwingine ni chakula. Wale kamba wakubwa wa magando wa baharini huko Marekani, wakifugwa kwa chakula kisicho na astaksanthini, hugeuka buluu kisha weupe kadiri wanavyovua magamba. Kwa kumtazama kwenye picha siwezi kukuambia wako ni wa urithi au wa njaa, na kwa sufuria haina tofauti yoyote. Sumu haimo katika buluu. Protini ile ni protini kama nyingine, na inaiva.

Kama mteja anataka kitu cha kuogopa, aogope maji. Kamba huyu hula matope na mizoga, na hukusanya mwilini madini mazito yaliyomo majini, awe mwekundu awe buluu. Uliza wavuvi wako wanatega wapi. Akitolewa kwenye mdomo wa mfereji unaoleta maji machafu, wekundu wake hautamsafisha. Na aliyekufa kwenye ndoo kabla ya kupikwa usimuuze, hata kama anang'aa vipi.

Sasa magando. Hapa mambo ni matamu zaidi, na sishangai mteja wako alidhani ameona aina mbili, kwa sababu hata wataalamu wa karne ya 19 waliwahi kumtia mnyama mmoja mashakani kwa jambo hili. Dume la kamba huyu lina maumbo mawili katika maisha yake. Msimu wa kujamiiana anavua gamba na kutoka akiwa na magando marefu, mapana, yenye vipele vyekundu vinavyokwaruza vidole. Msimu ukipita anavua tena, na safari hii anatoka na magando madogo zaidi, kama amerudi ujanani. Dume lilelile, sura mbili, na anaweza kwenda na kurudi zaidi ya mara moja. Akiwa kwenye sura ya kuoa hakui; lazima arudi kwenye ile nyingine ndipo aongezeke.

Ukitaka kuhakikisha, mgeuze chali tena. Dume utalijua kwa vijiti viwili viwili vigumu vinavyolala mbele, kati ya miguu ya nyuma. Vichungulie ncha. Kwa dume la msimu, ncha zimekauka, ngumu, rangi ya asali. Kwa dume lililo nje ya msimu ni laini na za rangi ya mwili. Kisha hesabu miguu ukianzia magando: kwenye jozi ya tatu na ya nne, karibu na shina, dume la msimu lina ndoano ndogo za kumshikilia jike. Vijiti hivyo ndivyo wataalamu wa kamba wa Marekani hutegemea kuliko kitu chochote kutenga aina moja na nyingine. Horton Hobbs wa Smithsonian, aliyetumia maisha yake kwa wanyama hawa, alichora ncha hizo moja moja kama mtu anayechora funguo. Rangi hubadilika kwa chakula na tope, gando hubadilika kwa msimu, ile ncha haidanganyi. Ukikusanya madume kumi ya msimu, wekundu, kahawia na huyo buluu kama ni dume, ncha zao zitakuwa sawa.

Jike halina vijiti hivyo. Lina kibonyeo kigumu kati ya miguu ya nyuma, kama muhuri, kinachohifadhi mbegu za dume, na mkia wake ni mpana kwa sababu mayai na watoto wataning'inia hapo chini. Magando yake ni membamba. Kwa hiyo kwenye ndoo moja una dume la msimu, dume la nje ya msimu, jike na watoto: maumbo manne, mnyama mmoja.

Na yule wa gando kubwa na dogo? Huyo alipigana, au ndege alimvuta. Kamba akikamatwa kwa gando huliacha na kukimbia, kisha huliotesha upya. La kwanza hutoka kama la mwanasesere, na kila akivua linaongezeka hadi likaribie mwenzake. Hana kasoro ya uzazi. Ana historia tu.

Kuna mfano mmoja nauona hauna mpinzani. Ujerumani, miaka ya 1990, kwenye matangi ya samaki wa mapambo, alionekana kamba wa marumaru ambaye hana dume. Wote ni majike, wanazaa bila kupandwa, na watoto ni nakala kamili ya mama. Huyo ndiye aliyeenea Madagascar tangu miaka ya 2000, wenyeji wakimwita foza. Watafiti walilea ndugu wa tumbo moja, jeni zilezile, maji yaleyale, chakula kilekile. Madoa yao ya marumaru hayakufanana hata wawili, na ukubwa wao ulitofautiana kupita kiasi. Kama nakala za mama mmoja hazifanani, sijui kwa nini mteja wako adai kamba wa ziwa zima wavae sare.

Lakini nisikupeleke upande wa pili ukadhani umbo na rangi havina maana kamwe. Dunia ina zaidi ya aina 600 za kamba wa maji baridi, na maumbo yao hueleza maisha yao. Wachimbaji wa mashimo wana kifua kilichonyanyuka juu, magando mafupi manene na mkia mdogo. Wa kwenye mito ya mawe ni bapa, wapate kuingia chini ya jiwe. Wa mapangoni wamepoteza rangi na macho. Tasmania kuna jitu ambalo zamani lilifikia kilo 6, na Queensland kuna kibeti wa sentimita mbili na nusu hivi, mkubwa kabisa. Na kuna rangi moja ninayotaka uikariri: doa jekundu, laini, kwenye ukingo wa nje wa gando la dume, mwili ukiwa kijani cha buluu. Huyo ni kamba wa Australia, Cherax quadricarinatus, aliyetoroka kwenye mashamba ya ufugaji na sasa yuko Ziwa Kariba na Mto Kafue kule Zambia. Dume lake halina vile vijiti chini ya mkia. Ukimwona kwenye ndoo ya Naivasha, usimuuze akiwa hai, piga picha na uwaite maofisa wa uvuvi siku hiyohiyo.

Na hata hawa wenu, wasiondoke ziwani wakiwa hai, hasa yule wa buluu. Najua kuna atakayekupa pesa nzuri amweke kwenye tangi la kioo sebuleni. Matangi huvunjika, watoto huchoka na mnyama, na mtu mwenye huruma humpeleka mtoni. Tayari wamefika mito ya Ewaso Ng'iro, na huko kaa wetu wa asili wamepungua.

Turudi kwenye bei. Wafanyabiashara wa Louisiana huhesabu nyama ya mkia kuwa karibu asilimia 15 ya uzito wa kamba mzima. Dume kubwa jekundu la msimu, lile mteja wako analolililia, ndilo huwa chini ya hapo, kwa sababu uzito wake mwingi umekwenda kwenye magando na gamba nene. Yule mdogo wa kijani, kwa kilo moja, mara nyingi ana nyama zaidi na gamba linalovunjika kwa kidole. Kama mteja anauza mkia uliomenywa, analipia magamba na kutupa nyama. Kama anauzia hoteli inayotaka sahani ipendeze, basi alipie ukubwa, nawe pima ukubwa kwa rula, si kwa rangi.

Akija tena, usibishane naye. Weka sufuria jikoni, maji yachemke vizuri na chumvi, mchagulie wawili wekundu, wawili wa kijani na yule wa buluu, wote wawe hai na wa kimo kimoja. Waache dakika kumi hivi. Pakua kwenye sinia, pengine mmoja atakuwa amefifia kidogo, kisha mwambie akuonyeshe mwenye sumu ni yupi, na wale wa nusu bei ni wepi.